Furu Ishirini na Sita wa Getruda

Asubuhi ile haikuwa na alama yoyote. Getruda aliamka mapema kuliko mumewe, kama siku zote, akapuliza moto, akabandika chai. Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka tisini na mbili, mvua zinaishia ishia. Alikuwa anakwenda Musoma mjini kununua mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishakatwa na kupelekwa Ulaya. Wanawake wengi wa Mugango walishaanza biashara hiyo. Mifupa wanaikausha, wanaikaanga, watu wanakula.

Magesa alikunywa chai yake kimya. Hawakuwa watu wa maneno mengi, yeye na mkewe. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na siku nyingi zilipita kwa maneno yasiyojaza kiganja.

Getruda alipofika mlangoni na beseni lake akasema yale anayosemaga kila akisafiri.

"Baba Nyangi, akija mgeni, dagaa wako kwenye chungu cheusi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Usije ukaangalia juu."

Juu ya mafiga kulikuwa na waya mtupu, mweusi kwa masizi. Miaka minne mama huyu alimtania mumewe kwa waya ule, na miaka minne Magesa alicheka kidogo yakaisha. Siku ile hakucheka. Mpaka leo hajui kwa nini. Akaweka kikombe chini, akamwuliza swali alilokaa nalo tumboni muda wote huo: je, alishamsamehe, au huwa anatania ili asilie?

Getruda akamjibu, akajitwika beseni, akatoka.

Saa nane mchana jirani yao Boke, aliyekwenda na Getruda, alirudi bila beseni na bila viatu. Akasimama uani, hakupiga hodi. Getruda alikuwa amedondoka kwenye foleni. Hospitali walisema ni presha. Hakuamka tena.

Jibu alilolitoa mlangoni halina maana kwa mtu asiyejua habari ya waya ule. Kwa hiyo habari ya waya ndiyo itangulie.

Getruda hakuzaliwa ziwani. Alizaliwa Butiama, kwenye mawe na ng'ombe, kwa watu wanaojua rangi thelathini za ng'ombe na hawajui kupiga kasia. Alipoletwa Mugango kuolewa mwaka sitini na sita, samaki wote kwake walikuwa samaki. Mama mkwe alimtuma kwenye mtumbwi achukue furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kupika, akarudi na furu wenye miiba mingi ambao pale nyumbani waliachiwa bata. Mawifi walicheka mpaka wakakaa chini.

"Mwacheni," akasema mmoja. "Huyu amezoea chakula chenye kwato."

 Kesho yake Getruda alichukua furu mmoja mdogo, mweusi tii, akamtumbua, akamtundika kwa waya juu ya moto. Magesa alipoingia akamwuliza, "Huyu anaitwaje?"

"Furu."

Akatundika wa pili, mwenye tumbo jekundu. "Na huyu?"

"Furu."

"Na huyu mwenye midomo minene?"

"Furu pia. Wote furu."

"Yaani kitu mnakula kila siku na hamkijui jina?" akasema bibi harusi. "Sisi hata ndama wa jirani tunamjua."

Basi akawapa majina mwenyewe. Yule mweusi wa kwanza akamwita Bibi Harusi. Akaja Mtafuna Konokono, akaja Midomo, akaja Mla Mawe, akaja Mweupe wa Kina. Kila mtumbwi ukifika alikuwa anapekua wavu kabla ya wanunuzi, na akiona asiye na jina anamtundika. Moshi uliwatunza. Mdudu akianza kumla mmoja, Getruda anamtoa na kutundika mwingine wa aina ileile. Mawifi waliacha kucheka. Baadaye wao ndio waliokuja kumwuliza, "Wifi, huyu ni nani?" Wakafika ishirini na sita.

Kisha sangara akaja. Wazee walisema ni samaki wa Wazungu, wengine wakasema alitoka Uganda. Mwanzoni unampata mmoja kwenye wavu unaita watu waje kuona. Miaka michache baadaye wavu mzima ni yeye. Watu walifurahi, na hakuna wa kuwalaumu. Miaka ile sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, khanga ya foleni, nyuzi za kushonea nyavu hazipo. Samaki mmoja mwenye uzito wa mtoto ni neema. Magesa naye alifurahi.

Aliyeanza kuona ni Getruda. Tumbo Jekundu wake aliingiwa na mdudu, akamwambia mumewe amletee mwingine. Magesa alikwenda ziwani wiki tatu akirudi mikono mitupu.

"Wamehama," akasema.

"Wamehamia wapi? Ziwa lina mlango?"

 Getruda alimpangusa Tumbo Jekundu wake kwa majivu ya moto, akamrudisha kwenye waya hivyohivyo. Tangu hapo alikuwa anawapangusa wote kila Jumamosi. Hakukuwa na wa kubadilisha. Wale kwenye waya ndio walikuwa wa mwisho yeye kuwaona.

Mtoto wao mmoja tu alikua, Nyangi, aliyepewa jina la bibi yake wa Butiama. Wawili waliomtangulia hawakukaa. Nyangi alijifunza kuhesabu kwa furu wa mama yake, moja mpaka ishirini na sita, na akaamini kwa muda mrefu kwamba namba zinaishia hapo. Akasoma. Akapita darasa la saba, akapita kidato cha nne, akapelekwa shule ya bweni mbali kusoma sayansi. Alipokuwa kidato cha tano alirudi likizo akasema anataka kusomea samaki chuo kikuu.

"Samaki wanasomewa?" Magesa akauliza.

"Wanasomewa, baba. Kuna Dar es Salaam, wanafundisha viumbe wa bahari. Na kuna Morogoro, wanafundisha kilimo na mifugo, na samaki wa kufuga wapo humo. Fomu inataka uandike chuo cha kwanza na cha pili. Ukikosea cha kwanza umekosea."

"Sasa bahari ya nini? Sisi tuna ziwa."

"Huko kwenye bahari ndiko wanakomsoma samaki kuanzia mfupa, baba. Ukishamjua wa bahari, wa ziwa unamsoma pia."

Magesa alitaka Morogoro. Hakuficha. Binti akisomea ng'ombe atarudi, maana ng'ombe wako hapa, Butiama, Bunda, kote. Akisomea bahari atakaa baharini. Ni mtoto mmoja.

Getruda alikuwa anachambua dagaa. Akasema bila kuinua kichwa, "Baba Nyangi, yule pale, wa nne kutoka ukutani. Nilipompata alikuwa na watoto mdomoni. Wapo hivyo hao, wanabeba watoto mdomoni. Na wakiwa humo, mama hali kitu. Sasa awafanyeje? Lazima awateme, hata kama nje kuna sangara."

"Mimi sijasema asiende."

"Umesema aende karibu."

Lakini yeye naye hakusema Dar es Salaam. Alisema chuo hakichaguliwi kwa jina, kama vile ng'ombe hanunuliwi akiwa zizini kwa mtu. Nyangi aandike barua mbili, moja kila chuo, maneno yaleyale: mama yangu ana furu ishirini na sita ambao ziwani hawapo tena, je, mnawajua? Atakayeuliza habari za furu, huko ndiko mtoto atakwenda. Nyangi alicheka, akaandika. Barua zilipostiwa Musoma.

Morogoro walijibu upesi. Barua nzuri, yenye mhuri, imepigwa taipu, inataja masomo yote na kumkaribisha aombe. Magesa aliiweka kwenye Biblia. Ila habari ya furu haikuwemo. Dar es Salaam hawakujibu. Mwezi ukapita, ikapita mitano. Likizo ya Krismasi Nyangi akaja na fomu yenyewe, na mwezi wa kwanza, mwaka themanini na nane, zikawa zimebaki siku tatu arudi nayo shule.

"Andika Morogoro," Getruda akasema. "Wameandika kwa adabu."

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunga duka. Nyangi alikaza midomo, hakulia. Fomu ilitaka picha mbili za pasipoti. Studio ya Musoma haikuwa na karatasi za picha, wakasikia Bunda zipo. Alfajiri mama na binti wakapanda gari la Bunda.

Magesa alibaki peke yake, na siku hiyohiyo mgeni akaja.

Alikuwa mtu mzima wa umri wa kati, miwani mizito, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alisema anaitwa Clementi, ametoka Dar es Salaam kwa njia ya Mwanza, anamtafuta mama Nyangi. Magesa alimpa kiti na maji. Hakumwuliza zaidi. Kwao mgeni haulizwi neno lililomleta kabla hajala. Kumwuliza mapema ni sawa na kumwambia, sema haraka uondoke. Naye mgeni, kwa heshima, alikaa akasubiri mwenye nyumba aanze. Hivyo wakazungumza habari za mvua.

Magesa alimdhania mfanyabiashara. Siku zile walikuja wengi, ruhusa ya kuuza na kununua ilikuwa imefunguliwa, na kila wiki kulikuwa na mtu wa mjini kijijini anatafuta kitu. Mgeni wa aina hiyo akila vizuri kwako, kesho atarudi kwako.

Tatizo lilikuwa mboga. Kuku, ugonjwa wa kideri uliwamaliza mwezi wa kumi na mbili. Mitumbwi ilikuwa na sangara tu, nao walikwishanunuliwa majini kabla ya kufika nchi kavu. Dagaa hawakuwepo. Magesa alizunguka nyumba tatu akarudi na nyanya na karanga. Akasimama jikoni. Akaangalia juu.

Hakuwachukua kwa dharau. Hilo alitaka lijulikane. Aliwaona ni kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani, na mgeni aliyetoka mbali anapewa nini kama si hicho? Alijisemea Getruda atanuna siku mbili, kisha ataelewa. Aliwatoa wote ishirini na sita, akawalowesha kwenye maji ya moto, akawapika kwa karanga na nyanya, namna wavuvi wanavyopika kambini. Akatia chumvi. Miaka ya taabu waliishi kwa chumvi ya kupima kwa kidole. Sasa madukani ilijaa, na Magesa aliimwaga kama mtu anayelipiza kisasi.

Wakala. Ugali wa udaga, unga wa muhogo, wa moto. Magesa alikula kidogo ili kumsindikiza mgeni, na kama mtu wa ziwani alitafuna na vichwa vya samaki wake. Mgeni alikula kwa adabu, akinywa maji mara kwa mara, vichwa akavipanga pembeni mwa sahani. Akasifu chakula.

Waliponawa, Magesa akasema kwa furaha, "Haya mgeni wetu, sasa tuambie. Umekuja kwa neno gani?"

Clementi akatoa barua mfukoni, imechakaa kwenye mikunjo. "Mzee, mimi nafundisha chuo kikuu. Binti yenu alituandikia. Barua ilinikuta safarini, ndiyo maana sikujibu, nikasema heri nije mwenyewe. Nimekuja kuwaona furu wa mama."

 Magesa aliangalia sahani. Mgeni akaangalia anakoangalia mwenyeji. Kisha akainama taratibu mpaka miwani ikakaribia kugusa vile vichwa.

"Hawa?" akauliza.

"Ndiyo hao."

Mgeni akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Magesa alingoja atukanwe. Clementi akauliza tu kama kuna wengine chunguni, na kama kuna karatasi safi.

Jioni Getruda na Nyangi walipoingia uani walimkuta mwanaume mgeni amepiga magoti mkekani, kichwa cha kila furu kwenye kipande chake cha daftari. Getruda alitazama mkeka. Akaingia jikoni. Walisikia hatua zake zikisimama chini ya waya. Nyangi alimwangalia baba yake kwa macho ambayo Magesa aliyabeba mpaka uzeeni.

Getruda alipotoka alikaa mkekani, akanyoosha miguu kama mtu aliyefika msibani.

"Shikamoo, mama," mgeni akasema. "Mzee amenipa chakula bila kujua. Kosa ni langu, ningesema mapema. Lakini sikiliza. Sisi samaki hawa tunawajua kwa taya na meno. Nyama haituambii sana. Nikikuonyesha taya, utaweza kumjua?"

Getruda akachukua kichwa cha kwanza, akakigeuza kwenye mwanga. "Mtafuna Konokono. Ona meno yalivyo butu." Akachukua cha pili. "Huyu Mla Mawe." Cha tatu. Cha nne. Clementi aliandika, mkono wake unakimbia. Alikuwa anauliza: alikaa wapi, kina gani, mwezi gani alikuwa na watoto? Getruda alikuwa anajibu. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza maswali yale. Nyangi naye akaanza kujibu, kisha akaanza kuuliza, na mgeni akawa anamjibu kama anavyojibiwa mtu mzima.

Walifika ishirini na mbili. Getruda akapekua karatasi, akapekua chungu kwa mwiko, akapekua tena.

"Wanne hawapo," akasema. "Bibi Harusi hayupo."

"Nilitafuna vichwa," Magesa akasema.

Ndilo neno pekee alilolisema jioni ile.

 Getruda akamgeukia binti yake. "Leta ile fomu. Andika Dar es Salaam ya kwanza. Mtu anayeokota mifupa kwenye sahani yake mwenyewe, huyo mpe mtoto."

Nyangi aliandika. Picha za Bunda zikabandikwa kwa uji wa udaga. Clementi aliondoka kesho yake na taya ishirini na mbili kwenye kopo la kahawa, na juu ya kila karatasi majina ya Getruda kama alivyoyasema. Nyangi akapita, akaenda jeshi la kujenga taifa, akaenda Dar es Salaam. Katika barua ya kwanza aliandika kwamba taya ziko kwenye kabati la kioo, na wanafunzi wanalazimika kulikariri neno Mtafuna Konokono.

Getruda alisomewa barua ile na Boke mara tatu. Alicheka. Ila kwenye waya hakutundika kitu tena, na hakuutoa. Jumamosi, muda uleule wa kuwapangusa furu, alikuwa anakaa jikoni bila kazi. Magesa alimwona. Akatoka uani kushona wavu. Yeye alikuwa mtu wa nyavu. Utani ulianza mwezi wa pili, siku Getruda anakwenda sokoni: akija mgeni, dagaa wako kwenye chungu. Magesa alicheka kwa sababu aliogopa kutocheka.

Nyangi alipopata habari ya msiba alikuwa baharini kwa mafunzo, mwaka wa mwisho. Treni mpaka Mwanza, basi mpaka Bunda, gari jingine. Alifika siku ya nne baada ya maziko. Magesa ndiye aliyewaambia watu wasimsubiri, joto lilikuwa kali. Hilo nalo lilikwenda kukaa pamoja na lile la furu.

Binti hakumlaumu. Alikaa jikoni chini ya waya, akauliza, "Baba, mama alisema nini siku ile?"

Magesa alimweleza chai, beseni, utani wa mlangoni. Akamweleza na swali alilouliza. Nyangi akasubiri. Mzee alitaka kulisema jibu kama lilivyosemwa, bila kupunguza wala kuongeza. Getruda alikuwa ameweka mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, uso wake nje, akiangalia kama gari limefika, na alisema hivi:

"Hata mimi ningekuwepo, ningempikia haohao. Ila ile chumvi, Baba Nyangi, ile chumvi ningepunguza."